Ni Dawa au Si Dawa

Mama Pacha aliingia kinyozini na beseni la taulo alizotoka kuzianua, akamkuta bwana harusi mtarajiwa ameketi kitini na nusu ya kichwa. Upande wa kushoto umenyolewa ukang'aa, upande wa kulia nywele zimesimama kama zilivyokuja. Shuka la kunyolea lilikuwa limemkaba shingoni, na macho yake yalikuwa kwenye mlango wa nyuma, kule alikotokomea kinyozi.

"Mama, mumeo amenikimbia," alisema. Alijitahidi kuifanya mzaha, lakini sauti ilikwisha kuanza kuchemka. "Hii mara ya pili. Watu wananisubiri, ujue."

Wateja waliokaa kwenye benchi wakaangua kicheko. Mmoja wao, yule waliyemwita Redio kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia, akasema, "Mwacheni mzee wa watu. Bomba likipasuka lazima livuje."

Baba Pacha akarudi akijifuta mikono. Alikuwa amefanya haraka mno. Mbele ya suruali palikuwa na doa la maji kubwa kama kiganja. Mama Pacha aliliona kabla ya wengine. Akajisogeza na beseni lake, akasimama kati yake na benchi kana kwamba anamwonyesha taulo. "Zimekauka zote," alisema, na chini ya sauti akaongeza, "jifunge moja." Baba Pacha akachukua taulo, akajifunga kiunoni kama aproni, akawasha mashine akaendelea na kichwa cha bwana harusi. Hakumtazama mkewe. Yeye ndiye aliyekuwa akiwachekesha watu katika duka lile, akiigiza sauti ya kila aliyetoka mlangoni. Siku hiyo alinyoa kimya.

Tangu aanze vidonge vya presha ndivyo alivyokuwa. Na aliyempeleka kupimwa ni Mama Pacha mwenyewe. Damu ilimtoka puani akiwa kazini, yeye akasema ni joto, mkewe akashusha mlango wa duka mbele ya wateja na kumwambia, "Twende, au nitapiga kelele hapa." Zahanati walimpima, wakampumzisha, wakampima tena, kisha tabibu, akistaajabia presha ilivyopanda, akauliza kama amekuja kwa miguu yake. Akampa vidonge vya aina mbili. Alipofika kwenye vile vyeupe vidogo akasema, "Hivi vitamkojosha. Msishtuke, ndiyo kazi yake, vinapunguza maji na chumvi mwilini."

Basi hawakushtuka. Alipoanza kwenda msalani kila saa, walisema dawa inafanya kazi. Alipomaliza jagi la maji lililokuwa kando ya kitanda na kuomba jingine, walisema anarudishia yaliyotoka. Suruali zilipoanza kumpwaya, Mama Pacha alifurahi hata akamsifia, maana walikuwa wameambiwa kitambi kipungue. Alimtobolea mkanda tundu jipya kwa msumari, akampiga kibao cha mapenzi tumboni. "Unarudi ujana," alimwambia. Baba Pacha alicheka, lakini macho yake yalikuwa yamechoka.

*

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya milango mingi na choo kimoja. Asubuhi moja mwenye nyumba, mama mnene asiyejua kunong'ona, alisimama katikati ya ua akiwa na ndoo mkononi.

"Jamani, sisimizi gani hawa? Choo kizima wamejaa. Nani anamwaga soda humu?"

Mama Pacha alikuwa anafua. Aliinamisha uso juu ya beseni. Yeye aliwaona sisimizi wale siku nyingi, na kila alfajiri aliwahi kuamka akawamwagia maji kabla watu hawajatoka. Siku hiyo usingizi ulimpitia.

"Si soda," alidakia mpangaji wa mlango wa pili, akiwa anachana mtoto nywele. "Mama yangu mzazi alikuwa hivyohivyo. Humu ndani kuna mtu ana sukari."

"Basi huyo mwenye sukari anunue maji yake," alisema mwenye nyumba. "Tangi linaisha kabla ya wakati, na choo kila ukigonga kuna mtu. Sitaji mlango wa nani, lakini anajijua."

Watu walitazama nguo zao, sufuria zao, vidole vyao. Mama Pacha alikamua taulo mpaka ikabaki kama kamba. Neno *sukari* lilimwingia likakaa. Alikumbuka mama mkwe wake, ambaye aliondolewa mguu mmoja na akafa akilalamika kwamba kidole cha mguu ule usiokuwepo kinamuwasha. Alikumbuka, kisha akajikaza. Mumewe alikuwa mgonjwa wa presha, na hospitali ilimwona. Wangekuwa na sababu gani ya kumpa mtu ugonjwa mmoja na kumnyamazia mwingine?

Sukari yenyewe haikumsubiri amalize kujishauri. Wiki hiyohiyo Baba Pacha alimkata mteja sikio. Alikuwa anamnyoa ndevu mzee mmoja, mteja wake tangu duka likiwa kibanda, na wembe ukapita pale ambapo yeye aliona shavu. Halikuwa jeraha kubwa, lakini sikio hutoa damu nyingi. Mzee yule hakugomba. Alisimama, akajikandamiza taulo, akamshika kinyozi wake bega. "Mwanangu, unaona kweli wewe?" Baba Pacha akajibu kwamba anaona. Mzee akanyoosha kidole kwenye ukuta wa mbele. "Kalenda ile imeandikwa mwezi gani?" Baba Pacha alikodoa macho muda mrefu, duka zima likisubiri, mwisho akaweka wembe chini.

*

Safari hii walikwenda hospitali kubwa. Walimtoboa kidole, mashine ikagoma kutoa namba, ikaandika tu kwamba sukari imepita kipimo chake. Wakamlaza, wakamtundikia maji. Siku ya kumruhusu, daktari aliwaita wote wawili ofisini. Alikuwa dada wa umri mdogo mwenye macho ya mtu ambaye hajalala, na aliongea polepole, akihakikisha wanamfuata: sindano si lazima kwa sasa, vidonge vya sukari vipo, atatakiwa kubadili anavyokula, atazame nyayo zake kila siku.

Mama Pacha alisubiri amalize. Kisha akauliza.

"Daktari, samahani. Huyu alikuwa hana sukari. Ameanza dawa za presha, sukari ikaja. Je, si dawa?"

Daktari kwanza alivisogeza karibu vile vidonge vya zamani vilivyokuwa mezani. Mama Pacha angependa ajibu papo hapo.

"Mama, sitakudanganya. Hivi vidonge vyeupe, vya kukojosha, kwa baadhi ya watu vinaweza kupandisha sukari kidogo. Na hivi vingine vya kutuliza moyo, vivyo hivyo. Inajulikana. Lakini hupandisha kidogo. Sukari ya mzee ilikuwa juu sana. Kwao kuna aliyekuwa nayo?"

"Mama yake."

"Na umri umesogea, kazi ni ya kusimama sehemu moja, na tumbo lilikuwepo. Inawezekana ilikuwa njiani inakuja, dawa ikaiharakisha. Inawezekana ilikuwa inakuja tu. Mimi nitambadilishia, nimpe nyingine isiyogusa sukari. Ila sikilizeni neno hili moja. Dawa ya presha asiiache. Mtu mwenye sukari na presha pamoja, presha ndiyo humwangusha. Akiona lolote, aje hapa. Asijiamulie."

"Tumeelewa," alisema Mama Pacha.

Lakini Baba Pacha alikuwa ameelewa mengine. Walipofika nje, kwenye kivuli cha ukuta wa hospitali, alisimama.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia. Amesema anabadilisha."

"Amesema inajulikana. Kwa mdomo wake. Inajulikana! Walijua, wakanipa." Alinyoosha kidole kwenye mlango wa hospitali. "Mimi nilikuwa natoka damu puani tu. Pua! Ukafunga duka langu mbele ya watu, ukaniburuta kama mbuzi. Leo sioni kalenda, nakojoa kama mtoto, watu wananiuliza mwezi gani. Ni nani aliyenileta huku?"

Wapita njia waligeuka. Mama Pacha alisimama na mfuko wa dawa mkononi. Kilichomuuma si kwamba mumewe anamwonea. Kilichomuuma ni kwamba naye alikuwa akijiuliza hivyohivyo.

*

Vidonge vya sukari Baba Pacha alivimeza bila kukumbushwa. Vile vipya vya presha mkewe alimwekea kwenye kisahani pembeni ya kikombe cha chai, na mwanzoni alivimeza akiwa amekunja uso. Kila asubuhi kisahani kile kilikuwa ugomvi mpya.

"Unaniongezea sukari tena?"

"Hii ni nyingine, Baba Pacha. Daktari kasema hii haina shida."

"Hata ile ya kwanza ilikuwa haina shida."

Kule dukani Redio hakuwa nyuma. Alikuja na simu yake, akamsomea kwa sauti, duka zima likisikia, orodha ndefu ya madhara ya dawa za presha: kizunguzungu, kikohozi, miguu kuvimba, nguvu za kiume kupungua. Hapo benchi lote likaguna. "Imeandikwa, si mimi," Redio alisema. "Wazungu wenyewe wanaziogopa. Shangazi yangu aliacha zote, leo anachota maji kisimani mwenyewe." Hakuwa mtu mbaya, Redio. Ndiye aliyekwenda kumwomba radhi yule mzee wa sikio kwa niaba ya kinyozi, na ndiye aliyewarudisha wateja waliokuwa wamehamia duka la pili. Aliamini anachosema, na alimpenda rafiki yake.

Baba Pacha akaacha. Hakutangaza. Asubuhi moja alikunywa chai akaondoka, na kidonge kikabaki kisahanini. Mama Pacha alikitazama. Alimfuata mpaka mlangoni akiwa nacho kiganjani, akamwona anavuka ua, anamsalimia mwenye nyumba, anamwigiza anavyotembea, na mwenye nyumba mwenyewe anacheka huku akimtupia kanga. Miezi ilikuwa imepita bila kicheko katika ua ule. Mama Pacha akarudi ndani, akakirudisha kidonge kwenye kopo.

Kesho yake alikiweka tena, kikabaki tena. Keshokutwa yake hakukiweka.

Na mambo yakawa mazuri, hilo ndilo lililowaponza. Dawa za sukari zilikuwa zimefanya kazi yake: kiu iliisha, macho yakarudi, sisimizi wakahama choo. Baba Pacha alilala usingizi wa mfululizo na kuamka na nguvu. Yeye hakuwa na shaka ni kwa nini. "Si nilikwambia?" alimwambia mkewe akijitazama kiooni. "Nimeacha sumu yenu, mwili umerudi." Mama Pacha alijua kwamba kuna jambo halijakaa sawa katika maneno hayo. Alijua hata neno la kusema: twende tukapime tu, kupima hakuumi. Alilibeba neno hilo mdomoni siku nyingi. Kila alipotaka kulitema alikumbuka kivuli cha ukuta wa hospitali na watu wanaogeuka, akalimeza. Amani ndani ya nyumba ilikuwa tamu, naye alikuwa na njaa nayo.

*

Ilikuwa asubuhi ya siku ya mapumziko. Walikaa mkekani wanakunywa chai, mlango wazi, jua limeingia mpaka miguuni. Baba Pacha alikuwa anasimulia kisa cha mteja aliyelala kitini akakoroma. Alifika kwenye sauti ya mkoromo, maneno yakavurugika. Yakawa mazito, yakaburutana. Chai ikamchuruzika pembeni ya mdomo.

Mama Pacha akacheka. Alidhani anamwigiza mteja.

Akacheka tena, kwa nguvu, akampiga begani kama alivyozoea. Bega likaenda lote. Baba Pacha akalala ubavu taratibu, kikombe bado kimening'inia kidoleni, jicho moja likimtazama mkewe kwa mshangao mkubwa, kama la mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

Mama Pacha akapiga yowe, na aliyelisikia kwanza ni mwenye nyumba. Alikuja mbio na kitambaa cha kichwa mkononi, akamwinua mpangaji wake mabegani kama gunia, akapaza sauti watu watafute gari. Hakuna aliyetaja choo wala tangi.

Hospitali walimpima presha. Muuguzi alisoma, akasoma tena, akamwita daktari. Alikuja yuleyule dada mwenye macho ya kutolala. Alimkumbuka Mama Pacha.

"Dawa ya presha alikuwa anameza?"

Mama Pacha alifungua mdomo. "Ndiyo" lilikuwa jibu jepesi, na hakuna ambaye angejua.

"Hapana," alisema. "Aliacha. Na mimi nilijua."

Daktari aliinamisha kichwa, akaandika. Hakumkemea. Mama Pacha alisimama akisubiri kukemewa, maana alihisi kwamba kukemewa kungempumzisha, lakini daktari alikwisha kugeukia kitanda.

*

Baba Pacha hakufa. Alirudi nyumbani upande wa kulia ukiwa umelala, mkono wa kazi ukining'inia kama si wake. Maneno mengi yalikuwa yamemkimbia. Yaliyobaki yalikuja bila mpangilio: akitaka maji alisema "mlango," akiumwa alisema "kesho." Pacha wao, mabinti wawili walioolewa mbali, walikuja, wakalia, wakapokezana kumgeuza, kisha wakalazimika kurudi kwenye nyumba zao.

Redio alikuja na machungwa. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakuwa na la kusema. Alimtazama rafiki yake, akatazama sakafu. Alipokuwa anaondoka Mama Pacha alimsindikiza mpaka uani.

"Shemeji," Redio alisema, "yule shangazi yangu... kweli anachota maji. Sikudanganya."

"Najua."

"Sasa kwa nini..."

"Sijui, shemeji. Nenda tu."

Siku ya kurudi kliniki Mama Pacha alimwacha mumewe kwa mwenye nyumba, akaenda peke yake kuchukua dawa. Alipoingia kwa daktari hakukaa.

"Nakuomba unijibu kwa neno moja tu. Sukari ile. Ni dawa au si dawa?"

"Mama, kaa."

"Nitakaa ukinijibu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kwa watu wengi tukiwahesabu pamoja, tunajua kwamba inaweza kuchangia. Kwa mumeo peke yake, sijui. Hakuna kipimo cha kuniambia. Ningekuwa na jibu, ningekupa."

Mama Pacha akakaa. Alikuwa amekuja kutafuta mahali pa kuutua mzigo. Kama ni dawa, basi walaumiwe waliompa. Kama si dawa, basi mumewe alimwonea pale ukutani, na yeye alistahili kuombwa radhi. Sasa hakukuwa na wa kumlaumu wala wa kumsafisha. Alitoka na mfuko wa vidonge, akatembea nyumbani kwa miguu, njia nzima.

Mlangoni alikuta viatu asivyovizoea. Kaka mkubwa wa mumewe alikuwa amefika kutoka mbali, amekaa kitandani miguuni mwa mgonjwa, na fimbo yake kati ya magoti. Mwenye nyumba alikuwa kasimama pembeni. Mama Pacha alipiga magoti, akamsalimia shemeji yake, akaitikiwa kwa sauti baridi.

"Nimekuja kuuliza," shemeji alisema. "Mdogo wangu alikuwa mzima. Ukampeleka hospitali, wakampa dawa, akapata sukari. Tumenyamaza. Leo amepooza. Ukoo unataka kujua, mwanamke, ulikuwa unamlisha nini huyu mtu?"

Mwenye nyumba alifungua mdomo kumtetea. Mama Pacha alimzuia kwa mkono.

"Nilimpeleka kweli, shemeji. Sijui kama ile dawa ndiyo iliyomletea sukari. Nimetoka kuuliza sasa hivi, hata daktari hajui. Lakini hili la kupooza nalijua. Aliacha dawa ya presha. Nilimwona anaiacha, nikanyamaza, kwa sababu nilichoka kugombana."

Uso wa shemeji ulijaa damu, fimbo ikagonga sakafu. "Unakiri! Mbele yangu unakiri kwamba—"

"Mimi," alisema Baba Pacha.

Wote waligeuka. Alikuwa ameinua mkono wa kushoto, ule mzima, ukapanda hewani taratibu mpaka ukafika kifuani kwake. Akajigonga. Mishipa ya shingo ilimsimama kwa juhudi ya kulitafuta neno lile lile asilipoteze.

"Mimi. Mimi."

"Anasema nini?" shemeji aliuliza. "Anataka maji?"

"Hataki maji," alisema Mama Pacha.

Baba Pacha alimtazama mkewe kwa macho yote mawili, lililo zima na lililolegea, na machozi yakamshuka upande mmoja yakafika sikioni. Alijigonga tena, mara hii polepole, kisha mkono ukachoka ukaanguka juu ya shuka. Shemeji akailaza fimbo sakafuni. Akatoa leso, akaangalia nje dirishani kama mtu anayetafuta gari.

Mama Pacha alifikiri kwamba sasa moyo wake ungepungua uzito. Haukupungua. Alimfuta mumewe uso, akamwinua akamwegemeza kifuani kwake, mwepesi kuliko alivyokuwa tangu waoane. Akakisaga kidonge cha presha kwa kijiko, akakichanganya na maji kidogo, akamlisha kwa upande unaofanya kazi. Mengine yalimwagika kidevuni. Akayakusanya kwa kijiko, akamrudishia, akabaki akilitazama koo lake mpaka akaona amemeza.